Namna ya Kuandaa Kichocheo cha Vanadi na Titani cha Kuoksidisha Othozaileni

Anhidraidi ya fthaliki, ambayo ni malighafi ya vilainishi vya plastiki na ya rangi za mafuta, hupatikana kwa kupitisha mvuke wa othozaileni (kimiminika cha hidrokaboni) na hewa juu ya oksidi ya vanadi iliyotandazwa kwenye oksidi ya titani ya aina ya anatasi. Ubora wa kichocheo hiki unategemea wembamba wa utando huo, na ndiyo maana hesabu hutangulia mizani.

Tabaka moja lililojaa huchukua takriban atomi 8 za vanadi kwa kila nanomita ya mraba. Kwa hiyo gramu 10 za anatasi yenye eneo la uso la mita za mraba 50 kwa gramu zitahitaji takriban gramu 0.78 za metavanadati ya amoniamu, chumvi inayobeba vanadi. Ukizidisha, vanadi ya ziada hujikusanya kuwa fuwele.

Metavanadati huyeyuka kwa shida katika maji baridi. Pasha maji hadi nyuzi 70 za Selsiasi, yeyusha humo gramu 1.7 za asidi ya oksaliki, kisha tia metavanadati kidogo kidogo huku ukikoroga. Mapovu yatatoka, na rangi itabadilika mpaka iwe buluu iliyokolea. Kabla ya hapo usiendelee. Vumbi la vanadi ni sumu, hivyo vaa glavu na ufanyie kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Tia anatasi, endelea kukoroga maji yakivukizwa polepole hadi upate uji mzito, ukaushe kwa nyuzi 110 usiku kucha, kisha uuchome kwenye tanuri lenye hewa kwa nyuzi 450 kwa saa 4. Usiharakishe hatua hii kwa kuongeza moto: joto likizidi mno, vanadi yenyewe huichochea anatasi igeuke rutili (umbo jingine la fuwele za oksidi ya titani), eneo la uso likaporomoka, na hasara hiyo haina dawa.

Majaribio ya kichocheo hufanyika kati ya nyuzi 350 na 400. Weka othozaileni chini ya asilimia 0.9 ya hewa ili kuepuka mlipuko, na uchanganye kichocheo na chembe za kwatzi (madini ya mchanga), kwa sababu mmenyuko huu hutoa joto jingi, na othozaileni ikiungua kabisa kuwa kaboni dioksidi joto hilo huwa karibu mara nne. Bomba la kutokea nalo lipashwe kupita nyuzi 131, ambako anhidraidi huyeyuka; likipoa, sindano nyeupe za fuwele huliziba.