Kuziba CVE-2018-12207: mgeni mmoja asiigandishe seva nzima ya KVM

Mwongozo huu ni wa wadau wenye seva za Intel wanaoendesha mashine pepe za watu wengine kwa KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe). CVE-2018-12207 (CVE ni namba ya kutambulisha kasoro ya usalama) ni kasoro ya prosesa iliyotangazwa Novemba 2019. Haiibi data. Ubaya wake ni kwamba mpangaji mwenye mamlaka ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) ndani ya mashine yake anaweza kuigandisha seva mwenyeji, na wapangaji wote wakadondoka naye.

Prosesa huhifadhi kwenye TLB (hifadhi yake ndogo ya haraka) tafsiri za anwani za kumbukumbu. Mgeni (yaani mashine pepe) akibadili ukubwa wa ukurasa (kipande cha kumbukumbu), tuseme kutoka MB 2 kwenda KB 4, bila kufuta tafsiri ya zamani, prosesa ikienda kuchota maagizo inakuta majibu mawili kwa anwani ileile. Hapo inaweza kukwama moja kwa moja. Prosesa za AMD hazimo.

Hatua ya 1: soma hali

`cat /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/itlb_multihit`

Iandike kwenye mwenyeji! Ukiiandika ndani ya mgeni unaweza kujibiwa `VMX unsupported` (VMX ni uwezo wa prosesa za Intel wa kuendesha mashine pepe) ukadhani uko salama, kumbe maana yake ni kwamba mashine hiyo haiwezi kubeba mashine pepe nyingine, basi.

`Not affected`: kanywe chai. `KVM: Mitigation: Split huge pages`: kinga ipo kazini. `KVM: Vulnerable`, au faili halipo kabisa: twende kazi.

Hatua ya 2: sasisha keneli

Hamisha wageni, sasisha, washa upya. Kinga iliingia Linux 5.4, ila wasambazaji wameipachika pia kwenye keneli zao za zamani, kwa hiyo namba ya `uname -r` isikutishe. Amini lile faili.

Hatua ya 3: hakikisha hakuna aliyeizima

`cat /sys/module/kvm/parameters/nx_huge_pages`

Kwenye prosesa yenye kasoro unataka `Y`. Ukiona `N`, msake mchawi:

`grep -r nx_huge_pages /etc/modprobe.d /proc/cmdline`

Mara nyingi ni `off` iliyonakiliwa kutoka mwongozo fulani wa kuongeza kasi. Ifute, kisha kama root:

`echo auto > /sys/module/kvm/parameters/nx_huge_pages`

Inashika papo hapo, bila kuzima wageni.

Hatua ya 4: pima gharama

KVM sasa inakataza kuendesha maagizo kwenye kurasa kubwa. Mgeni akijaribu, ukurasa unakatwa vipande vya KB 4. Vipande hivyo hurudishwa kidogo kidogo, kwa kasi inayopangwa na `nx_huge_pages_recovery_ratio`, ambayo kwa kawaida ni 60. Kwa kazi zisizovumilia kusitasita hata kidogo, iweke 0: urejeshaji unasimama, kinga inabaki. Ukiwapangishia watu usiowajua, usiizime kinga kwa `off` hata wakilalamikia kasi. Mimi naikubali `off` pale tu ambapo root ya kila mgeni iko mkononi mwako mwenyewe.