Namna ya kusawazisha rangi ya ngozi iliyochomwa na jua la Kusini

Mtu anayeshinda baharini Mikindani, kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi au juu ya bodaboda katika barabara ya Masasi hatimaye hujikuta na rangi mbili mwilini: uso na mikono imekoza, mabega yaliyositiriwa na fulana yamebaki kama yalivyokuwa, na mguuni umejichora mkanda wa kandambili. Wapo wanaojaribu kuzianika sehemu zilizobaki ili zifanane na nyingine, lakini hiyo ni kuongeza kuungua. Njia yenye manufaa ni kuzuia jua lisiendelee kuzikoza sehemu zilizokwisha kukoza, kisha kuipa ngozi muda. Tabaka lake la juu hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja, ingawa kwa sisi wenye ngozi nyeusi alama huweza kuchukua miezi kadhaa kufifia.

Anza na saa za kutoka. Mtwara na Lindi ziko karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mwezi Oktoba na tena Februari. Kivuli chako kinapokuwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, mionzi ya urujuanimno ni mikali na inafaa kutafuta kivuli. Msimu wa kusi huwadanganya wengi, kwa sababu upepo hupoza ngozi bila kupunguza mionzi hiyo.

Vaa shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana, na kofia pana ya ukili, kwani kapelo huacha masikio na shingo wazi. Kanga nyepesi iliyolowa maji hupitisha mionzi mingi kuliko ikiwa kavu, hivyo isitegemewe ufukweni Msimbati.

Sehemu zisizofunikwa zipakwe losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, kiwango ambacho huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB inayounguza. Ipake robo saa kabla ya kutoka, kwa wingi: mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili hutosha uso na shingo. Irudie kila baada ya saa mbili, na kila utokapo majini. Kwa kuwa mwanga wa kawaida nao hukoza madoa ya ngozi nyeusi, losheni yenye rangi iliyotiwa oksidi ya chuma ni bora zaidi, ukiipata. Mafuta ya nazi hayachukui nafasi yake. Yapake usiku, baada ya kuoga maji baridi na kuondoa chumvi, ili ngozi isikauke na kupauka. Liwa nayo haina ubaya kwa anayeipenda, mradi asiihesabu kuwa kinga.

Usijisugue kwa ndimu. Maji yake yakikutana na jua huunguza na kuacha madoa meusi kuliko yale uliyotaka kuyaondoa. Wabanguaji wa korosho wanajua jambo linalofanana nalo: mafuta ya ganda huchubua vidole na kuacha alama, ndiyo maana ni lazima kuvaa glavu au kupaka kinga kabla ya kazi.

Mkorogo ndio hatari kubwa kuliko yote haya. Krimu nyingi za kung'arisha zina zebaki, inayodhuru figo, au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuacha weusi wa kudumu usoni. Chombo kisichoonyesha viambato vyake kisinunuliwe, hata kama muuzaji ni jirani.

Maelekezo haya hayamtoshi mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya kutosha ya melanini na anahitaji kufunikwa na kupimwa ngozi mara kwa mara. Aidha, si kila baka ni la jua: madoa mepesi yenye magamba kifuani huweza kuwa fangasi, na baka lililopauka au lenye wekundu lisilohisi mguso huweza kuwa ukoma. Hilo lipelekwe kituo cha afya mapema, kwa kuwa dawa za ukoma hutolewa bila malipo.