Kielelezo cha mashapo yaburutwayo na barafuto

Mtwara na Lindi hakuna barafu, ila udongo wa mfinyanzi na minazi ipo, na vyatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi tope la chini ya barafuto, yaani barafu nene itambaayo polepole juu ya nchi kavu, linavyotunza alama za mwendo.

Piga kisanduku cha mbao, urefu sentimita 60, upana 20, kina 10. Changanya lita 3 za udongo na lita 5 za mchanga. Mchanga wa pwani usuuzwe mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hukusanya udongo kuwa vibonge. Maji yatoshe tonge kushika umbo bila kuchuruzika. Koroga humo vipande 60 vya chelewa vya sentimita 2, vielekee ovyo. Mchele haufai: hulowa na kukatika.

Jaza hadi sentimita 6. Katikati, toboa wima kwa mrija na ujaze chokaa iliyoloweshwa. Nguzo hiyo ya chokaa ndiyo shahidi mkuu. Huko Iceland, chini ya barafuto ya Breiðamerkurjökull, mwanajiolojia Boulton alitumia alama za namna hiyo na kuona sehemu kubwa ya mwendo inatoka kwenye tope lenyewe.

Barafu yako ni ubao wa sentimita 30 kwa 18, wenye misumari iliyotokeza sentimita 1 kwa chini. Uweke juu ya nguzo, upakie kilo 5, uvute taratibu sentimita 15.

Kata tope kwa waya mwembamba kufuata mvuto. Nguzo ikiinama zaidi juu kuliko chini, tope limeburutika. Ikikatika juu tu na kubaki wima, ubao umeteleza: tope ni kavu mno.

Rudia mara mbili: kwanza vuta mara tu baada ya kupakia, kisha ngoja saa moja. Mwanzoni maji yaliyonaswa hubeba mzigo, chembe hulegea. Yakishachuja, tope hukaza. Chini ya barafuto ni vivyo hivyo.

Pima kwa protrakta pembe za vipande vya chelewa, ukiviacha vilivyo karibu na kuta, kwani huko tope hubanwa. Vingi vitalala kufuata mvuto. Kimoja peke yake si ushahidi. Kwenye mashapo halisi huchaguliwa mawe marefu, urefu angalau mara 1.5 ya upana, na mara nyingi huinamia upande barafu ilikotoka.