Kwenda Mihintale Wakati wa Poson: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Dodoma

Mwezi mpevu wa Juni unapofika, Wabudha wa Sri Lanka huadhimisha Poson, sikukuu ya kukumbuka jinsi dini yao ilivyoingia kisiwani humo katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Masimulizi yao yanaeleza kwamba mtawa Mahinda, mwana wa mfalme Ashoka wa India, alikutana na mfalme Devanampiya Tissa katika mlima wa Mihintale, mfalme akiwa mawindoni, na kwamba kabla ya kumfundisha alimpima akili kwa maswali kuhusu mwembe uliokuwa karibu. Mlima huo, ulio takribani kilomita 13 mashariki ya mji wa kale wa Anuradhapura, ndio unaopandwa na malaki ya mahujaji usiku na mchana. Mtu wa dini nyingine hupokewa vizuri, mradi aende kama mgeni katika ibada ya wenyewe. Waliowahi kwenda hija Mbwanga, kituo cha hija cha Wakatoliki huko Dodoma, watalielewa hili upesi, kwa sababu wanajua jinsi mtazamaji asiye na adabu anavyowavuruga wanaosali.

Safari yenyewe haina ugumu mkubwa. Treni ya SGR itakufikisha Dar es Salaam, na kutoka hapo utapanda ndege hadi Colombo, kwa kawaida kwa kubadilisha njiani, Doha au Dubai. Omba kibali cha kuingia cha kielektroniki mapema, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na uhakikishe tarehe ya Poson ya mwaka husika kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa hufuata mwezi wa angani na hubadilika kila mwaka. Ukiwa na nusu siku Dar es Salaam, nakushauri upite katika hekalu la Wabudha lililoko Upanga, uone viatu vinavuliwa wapi na watu wanaketi vipi mbele ya sanamu, kwani ni afadhali kujifunza mahali patulivu kuliko katikati ya umati.

Kutoka Colombo hadi Anuradhapura ni kama kilomita 200 kwenda kaskazini, na treni na mabasi huongezwa kipindi hicho. Chumba cha kulala ndicho cha kuwekewa nafasi miezi kadhaa kabla, maana wenyeji wengi hulala katika kumbi za mahujaji na nyumba za wageni hujaa zote.

Kuhusu mavazi, sharti la chini ni kufunika mabega na magoti, lakini vaa nguo nyeupe kama mahujaji wenyewe. Fundi cherehani yeyote wa eneo la Majengo, Dodoma, anaweza kukushonea gauni refu au shati na suruali ya pamba nyepesi kwa bei ya kawaida, na pamba itakufaa sana, kwa kuwa wakati Dodoma iko katika baridi na upepo wa Juni, Anuradhapura iko katika ukanda mkavu wenye joto linalopita nyuzi 30 mchana. Epuka kabisa nguo yenye picha ya Buddha. Mchoro wa Buddha uliochorwa mwilini nao ufunikwe tangu uwanja wa ndege, kwani wapo wageni waliowahi kufukuzwa nchini kwa sababu hiyo.

Ngazi za Mihintale ni 1,840, zimejengwa kwa mawe, pana na zisizo na mwinuko mkali mwanzoni, zikipita chini ya vivuli vya miti. Anza kupanda kabla ya alfajiri au baada ya saa kumi jioni. Njiani utapita magofu ya bwalo la watawa, ambako bado kuna hori refu la jawe lililokuwa likijazwa wali, na ni mahali pazuri pa kupumzika. Juu zaidi utafika uwanja wa Ambasthala, yaani mahali wanapoamini mfalme na Mahinda walikutana, na hapo huvuliwa viatu na kofia. Mchana mawe na mchanga huunguza nyayo, kwa hiyo beba soksi nene, ambazo haziwakwazi wenyeji. Kutoka uwanjani hapo unaweza kupanda mwamba wa Aradhana Gala kwa vidato vilivyochongwa na kushika vyuma vya pembeni. Usiku wa sikukuu, hata hivyo, foleni yake ni ndefu na msongamano ni mkubwa, hivyo mwenye watoto au mwenye kizunguzungu abaki chini. Mkubaliane mahali pa kukutana kabla ya kuanza kupanda, kwa sababu mtandao wa simu unaweza kuzidiwa.

Ukitaka kutoa maua, nunua yungiyungi kwa wauzaji wa chini, uyabebe kwa mikono miwili na usiyanuse, kwani ua la sadaka halinuswi kabla ya kutolewa. Huwajibiki kusujudu, kusimama kimya kunatosha. Usimpe sanamu mgongo ili upigwe picha, usimguse mtawa, na mwanamke asimnyoshee mkono. Salamu ni kukutanisha viganja kifuani na kusema "Ayubowan".

Chakula hakitakusumbua. Kandokando ya barabara kuna vibanda viitwavyo dansala, ambako wali, mchuzi na vinywaji hugawiwa bure kwa yeyote anayepanga foleni, na hakuna anayeulizwa dini yake. Pokea kwa mkono wa kulia, kula ulichopewa, na usijaribu kulipa, kwa maana utoaji huo ni sehemu ya ibada yao. Nyama na pombe haziuzwi siku hiyo.

Usiondoke asubuhi inayofuata, treni zikiwa zimefurika. Tumia siku hiyo kuzuru Jaya Sri Maha Bodhi mjini Anuradhapura, mti wa jamii ya mkuyu unaoaminika kuletwa na Sanghamitta, dada yake Mahinda, kutoka India. Mizigo hukaguliwa langoni na viatu huachwa nje, kwa hiyo nenda na mfuko mdogo tu, kisha tembea hadi kuba jeupe la Ruwanwelisaya lililo jirani kabla jua halijawa kali.