Kabla kikundi hakijanunua sola za paa kwa pamoja

Kikundi kinachochanga fedha kununua sola kwa bei ya jumla hapa Lamu kisikubali kila nyumba ipewe mtambo wa aina moja, kwa kuwa paa la makuti halibebi paneli kama paa la zege, na mahitaji ya mwenye friji ya samaki si ya mwenye taa na feni tu. Linalonitia wasiwasi zaidi ni chumvi ya bahari: mkataba utaje paneli zilizopimwa kwa IEC 61701, kiwango cha kimataifa cha kupima kama paneli inastahimili chumvi, na bolti za chuma cha pua, maana za kawaida huliwa na kutu mapema. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli, na sehemu ya malipo izuiliwe hadi kila paa likaguliwe.