Jinsi ya kuchambua matamanio yako kwa njia ya Epicurus

Wengi wakisikia jina la Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, wanajua ni mzee wa kula bata, kumbe jamaa chakula chake cha kila siku kilikuwa mkate na maji, na kuna barua anamuomba rafiki amtumie chombo kidogo cha jibini ili siku akijisikia kufanya sherehe awe na kitu. Alizaliwa kisiwa cha Samos mwaka 341 KK, mnamo 306 KK akafungua shule kwenye bustani yake Athens na wanawake na watumwa wakaingia pia, enzi zile hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa fanya hivi. Andika vitu vyote unavyovitaka saivi, hata vile vya aibu, afu vigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile ukivikosa mwili au roho inaumia kweli, chakula, maji, nguo, pa kulala, marafiki. La pili ni vya asili ila sio lazima, yaani njaa ingeisha kwa ugali maharage lakini wewe unataka pilau. La tatu ndo lenye balaa: umaarufu, madaraka, utajiri usio na kikomo, na shida yake ni kwamba havina kiwango cha kutosha, ukifika hapa unaona wa juu yako.

Ukishagawa, kila kitu kiulize swali lake Epicurus: nikikipata itakuwaje, na nisipokipata itakuwaje? Usiharakishe hapa. Simu mpya ya mkopo kwa mfano, ukiipata unafurahi wiki mbili tatu afu unabaki na marejesho na stresi, usipoipata ile ya zamani bado inapiga, sasa kipi kinakuumiza zaidi? Yeye hakukataa raha hata kidogo, alisema raha yenye maumivu makubwa mbele iache, na maumivu yanayoleta raha kubwa zaidi baadaye yavumilie.

Jizoeze pia kula kawaida. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, anasimulia kwamba Epicurus alikuwa na siku maalum za kula kidogo sana, makusudi, aone kama furaha yake inapungua. Na wewe chagua siku kadhaa za mwezi ujaribu, utapunguza woga wa kufulia, na hiyo pilau ikija utaisikia utamu wake vizuri.

Marafiki usiwaache mwisho wa listi. Alisema kabla ya kutazama utakula nini tazama utakula na nani, na siku anakufa mwaka 270 KK, mawe ya figo yanamtesa vibaya, alimwandikia rafiki yake kwamba kukumbuka mazungumzo yao kunamfurahisha kuliko maumivu yanavyomuumiza. Kwa hiyo kabla hujafuta chochote fungu la tatu, pigia mtu mmoja simu leo, mpange siku mle pamoja.