Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Kozi za Sayansi kwa Anayelenga Udaktari Marekani

Aliyemaliza kidato cha sita Tanzania kwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) amezoea njia iliyonyooka: ufaulu ukitosha na nafasi ikipatikana, anaingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka mitano. Marekani sivyo. Huku udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya fani yoyote, hata historia au muziki, mradi ndani yake umepitia kozi za sharti zinazotajwa na chuo cha udaktari unachokiomba. Kuzipanga ni kazi yako mwenyewe. Mimi nilizipanga vibaya, na ndiyo maana nasisitiza uyashike haya kabla hujajisajili kwa semesta ya kwanza.

Vyuo vingi hutaka mwaka mmoja wa baiolojia, mwaka mmoja wa kemia ya jumla, mwaka mmoja wa kemia ogania na mwaka mmoja wa fizikia, zote pamoja na maabara zake, kisha semesta moja ya baiokemia. Aghalabu huongezwa uandishi wa Kiingereza na takwimu. Saikolojia na sosholojia usiziache, kwani tangu 2015 MCAT, mtihani wa kuomba kuingia vyuo vya udaktari, una sehemu nzima inayozihusu. Fizikia isiyotumia kalkulasi inakubalika katika vyuo vingi, kwa hiyo usijitwishe ile ya wahandisi kama fani yako haiihitaji.

Sasa soma hili kwa makini: jina la kozi halitoshi. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma katika chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili ambacho wengi huanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu) huku nikihudumia wazee zamu ya usiku, nikatafuta kemia inayofundishwa asubuhi nikitoka kazini. Nilikuta mbili, moja ikiitwa Kemia ya Jumla na nyingine Kemia kwa Sayansi za Afya. Nikajiambia kwamba anayetaka udaktari bila shaka anahitaji hii ya pili. Ilikuwa na maabara, ilikuwa na krediti nne, nami nikapata A semesta zote mbili. Nilipohamia chuo kikuu na kutaka kujisajili kwa kemia ogania, mfumo ulinikatalia. Mshauri wa masomo aligeuza skrini ya kompyuta upande wangu, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa mwisho wa maelezo ya kozi ile: ni kwa wanafunzi wa uuguzi na kada nyingine za afya, na haimruhusu mwanafunzi kuendelea na kemia ogania. Nilikuwa bado nimevaa sare ya kazini. Nilirudia kuusoma mstari ule mara tatu, kisha nikamuuliza kama zile A zangu zitasaidia chochote. Alinijibu kwa upole kwamba zitapandisha wastani wangu, lakini kemia naianza upya.

Kozi ile haina ubaya wowote kwa muuguzi, kwa kuwa inamkusanyia kemia ya jumla, ogania na baiokemia mahali pamoja. Lakini ili kuyabeba hayo yote kwa mwaka mmoja, inapita juu juu kwenye msawazo wa kikemia, kasi ya mmenyuko na mabadiliko ya nishati, mambo ambayo mwalimu wa ogania anachukulia kwamba unayajua tayari.

Na kemia ni mnyororo. Kemia ya jumla ya kwanza hufungua ya pili, ya pili hufungua ogania ya kwanza, nayo ogania ya pili, mpaka kufika baiokemia: jumla ni semesta tano zinazofuatana. Hesabu kuanzia mwisho. Anayetaka kuingia chuo cha udaktari mara tu baada ya mwaka wa nne hupeleka maombi mwanzoni mwa kiangazi kinachofuata mwaka wa tatu, baada ya semesta sita, na wakati huo MCAT iwe imefanywa au iko mlangoni. Toa tano kwenye sita, inabaki moja ya kupumulia. Mimi nilikuwa nimepoteza mbili. Wenzangu walipokuwa wakipeleka maombi, mimi nilikuwa ndiyo kwanza namaliza ogania, baiokemia bado, na mwaka mzima ukanipita.

Kwa hiyo, kabla ya kujisajili muulize mshauri swali hili hili: je, wanafunzi wa shahada ya kemia na ya baiolojia husoma kozi hii na kuendelea nayo hatua inayofuata? Akisita, usijisajili. Uliza vivyo hivyo kuhusu baiolojia, kwa sababu kozi ya anatomia na fiziolojia, pamoja na ugumu wake, kwa kawaida haichukui nafasi ya mwaka wa baiolojia ya jumla.

Alama nazo zina masharti yake. Daraja la chini ya C halipokelewi na vyuo vingi, na kurudia kozi hakufuti alama ya kwanza: mfumo wa maombi wa AMCAS huhesabu zote mbili, tena hutoa wastani wa pekee kwa baiolojia, kemia, fizikia na hisabati. Ukiona unazama, muone mshauri kabla tarehe ya kuacha kozi haijapita. Kozi ulizosoma chuo cha nyumbani AMCAS haizihesabu kwenye wastani, na vyuo vingi hutaka zile za sharti zisomwe Marekani au Kanada. Asiye raia wala mkazi wa kudumu athibitishe kwanza ni vyuo gani vinampokea, maana vingi havimpokei.

Chuo cha jamii, maabara za mtandaoni, kozi za zamani: kila chuo cha udaktari kina msimamo wake, na sehemu ya kuanzia kuuangalia ni MSAR, hifadhidata ya chama cha vyuo vya udaktari, AAMC. Jibu likiwa na utata, andika barua pepe kwa ofisi ya udahili na ulitunze jibu lao pamoja na muhtasari wa kila kozi uliyosoma. Usitegemee maneno ya aliyeingia miaka mitano iliyopita, hata akiwa ndugu yako, na kila mwaka kabla ya kujisajili pitia tena masharti ya vyuo unavyovilenga, kwani hubadilishwa.